Wiki Kumi za Mgeni: Maneno kwa Wenyeji wa Wanafunzi Kigoma

Hotuba iliyotolewa Kigoma Mjini, mwezi Aprili, mbele ya viongozi wa mashirika madogo, watendaji wa kata na vijiji, wachuuzi wa dagaa na wakalimani. Imeandikwa upya na msemaji mwenyewe, pamoja na sehemu zilizomezwa na mvua juu ya bati.

Ndugu Mwenyekiti, wakurugenzi wa mashirika yetu, watendaji wetu, mama zangu wa Kibirizi mlioacha dagaa na mvua hii ili mje kunisikiliza, wakalimani wenzangu, na ninyi wageni wetu wawili mliowatangulia wenzenu: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Mwakeye.

Nimeombwa nizungumze kuhusu wanafunzi wa uzamili wa maendeleo ya kimataifa wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya kazi ya wiki kumi. Kwenye barua ya mwaliko mada imeandikwa "fursa na changamoto". Mimi nikiyaona maneno hayo mawili yamekaa pamoja, najua kabisa kwamba chakula cha mchana kitachelewa. Naomba niyaache hapo yalipo, niwasimulie jambo ambalo nimelibeba kwa muda mrefu na sijalisema mbele ya watu.

Mwaka 2009 nilikuwa mkalimani wa kutwa. Akaja binti wa chuo kimoja cha Ulaya, mpole, msikivu, ameshajifunza Kiswahili Unguja miezi miwili, anaandika tasnifu juu ya kazi za wanawake katika biashara ya dagaa. Nikampeleka Kibirizi, mwalo wa kushushia dagaa. Tulifika saa nne, baada ya yeye kunywa chai hotelini, na tukafanya hivyo siku tano mfululizo. Alikuwa na saa mkononi na daftari la mistari. Akina mama tuliwakuta wamekaa chini ya kibanda, mmoja anamsuka mwenzake, mwingine ananyonyesha, wengine wanabishana tu. Alihesabu kwa uaminifu mkubwa, hakuongeza wala kupunguza. Ripoti ilipotoka ilisema mwanamke wa mwaloni anafanya kazi wastani wa saa tatu kwa siku, na ikapendekeza waletewe mradi wa kushona nguo, kwa kuwa muda wanao.

Ninyi wa Kibirizi mmeshaanza kucheka. Ngoja niwaeleze wa Kasulu na Kibondo kwa nini wanacheka. Dagaa wa ziwa letu la Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa za sola. Taa inamvuta dagaa kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi hupandisha vipe, yaani vyombo vyao vya kuvulia, nchi kavu, washone nyavu, walale. Binti wa watu alikuja katika wiki ya mbalamwezi. Na hata kama angekuja wakati wa giza, mitumbwi inarudi alfajiri. Saa nne mama ameshagombania beseni zake, ameshaanika, ameshageuza mara ya kwanza. Mama mmoja aliniambia pembeni, kwa Kiha ili mgeni asisikie: mwanangu, huyu amekuja mbalamwezi, tena saa nne, atatuona saa ngapi?

Nilijua, jamani. Tangu siku ya kwanza nilijua. Mimi nimezaliwa na mwanamke muuza dagaa. Sikusema kwa sababu nilikuwa nalipwa kwa siku na nilitaka siku tano zikamilike. Na kwa sababu nilifundishwa kwamba mkalimani mzuri ni bomba, maneno yanapita, bomba halina maoni. Shirika lililompokea nalo lilijua, na halikusema kwa sababu barua yake ilitoka kwa mfadhili. Mwenyekiti wa mwalo alijua, akanyamaza kwa adabu. Akina mama walijua kuliko sote na hakuna aliyewauliza lolote kuhusu mwezi, kwa sababu dodoso halikuwa na swali la mwezi. Binti akarudi kwao, nasikia akafaulu vizuri sana.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwalaumu hawa wanafunzi. Nimeacha. Mwanafunzi ni mtu ambaye hajui, na amekuja kwa sababu hajui. Lawama ya ile ripoti ni yetu. Sisi ndio walimu wa wiki hizo, na tulikaa darasani kimya kama wageni.

Sasa nataka tuelewane hizi wiki zinatoka wapi, maana wengi wetu tunadhani ni utaratibu uliopangwa kwa ajili ya kazi zetu. Uingereza uzamili huchukua mwaka mmoja. Darasa linakwisha kwenye Mei hivi, tasnifu inatakiwa Agosti au Septemba, basi safari ya kwenda nje inabanwa hapo katikati. Marekani ni miaka miwili, na mafunzo ya kazi wanayaweka kwenye likizo inayotenganisha mwaka wa kwanza na wa pili, Juni mpaka Agosti. Ndiyo maana kila mwaka tunawaona kwa wakati mmoja, kama kumbikumbi, ila kumbikumbi huja na mvua. Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, waliwahi kuwa na mpango ulioanza 1987, mtu anasoma uzamili wake na katikati ya masomo anakaa kijijini zaidi ya miaka miwili. Ulifungwa mwaka 2016. Tuliobaki nao ni wa wiki kumi.

Juni mpaka Agosti Kigoma kuna nini? Kiangazi. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba, zinakwenda mpaka Mei. Mgeni anakuta mahindi na maharage yako ndani, barabara ya kijijini imekauka inapitika na pikipiki bila kusukumana, mbu wamepungua, harusi kila Jumamosi. Yule mama aliyepunguza mlo wa watoto Januari, akambeba mwenye malaria Machi kwa miguu kwa sababu daraja limekwenda na maji, mgeni anamkuta Julai amevaa kitenge kipya anakwenda kwenye send-ofu. Halafu anaandika kwamba hali ni ya kuridhisha. Mwingereza Robert Chambers, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali Kenya kabla ya kuwa mwalimu wa chuo, aliliandika hili mwaka 1983: wataalamu wa maendeleo huenda vijijini wakati wa kiangazi, hawaiachi barabara ya lami, wanaongea na wanaume wenye vyeo. Na akaongeza kwamba adabu nayo humficha maskini, kwa kuwa mgeni anaona haya kuomba aonyeshwe mabaya. Wanafunzi wenyewe huyasoma maneno hayo darasani, wanayafanyia mtihani, halafu wanapanda ndege mwezi Juni.

Na tangu 2024 kuna jambo jipya. Nchi nne za ziwa hili zilikubaliana kulipumzisha, na kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hebu mchukue kalenda. Mwanafunzi wa uvuvi anayefika tarehe 5 Juni na kuondoka tarehe 14 Agosti anakuta ziwa limefungwa, siku zote alizonazo. Hataona hata kipe kimoja kazini. Ni lazima mtu amwambie hivyo kabla hajakata tiketi, na mtu huyo si profesa wake, ambaye yuko mbali na ana wanafunzi thelathini wengine. Ni wewe uliyesaini barua ya kumkubali. Unaweza kumwambia: njoo, lakini utasoma jinsi kaya inavyoishi miezi mitatu ziwa likiwa limefungwa, nani anakopa kwa nani, dagaa wa akiba wanauzwaje. Hiyo ni tasnifu nzuri kuliko aliyoipanga. Lakini lazima itoke mdomoni mwako.

Nipite haraka kwenye karatasi, maana watendaji wananitazama. Mwanafunzi anayekusanya takwimu za tasnifu anafanya utafiti, hata kama barua inamwita mtu wa kujitolea. Anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kibali cha ukaazi cha daraja C. Kutoka hapo ni barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inakwenda halmashauri kwa Mkurugenzi, kata, kijiji, kila meza na muhuri wake, na kila muhuri una siku yake ya kuwa msibani. Kwenye kambi za wakimbizi ni kibali kingine cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Nimeona kijana ametumia wiki mbili na nusu kati ya kumi akitafuta mihuri. Ianzeni Februari. Anayewaambia "akifika tutarekebisha" huwa hayupo mtu akishikwa.

Lugha sasa. Hapa nitakaa kidogo, ni kazi yangu.

Wanafunzi wengi siku hizi wanafika na Kiswahili, na ninawapongeza. Lakini Kiswahili cha Unguja ukikipeleka Heru Juu kwa bibi wa miaka sabini, bibi atakusalimu, atakuchekea, atakupa ndizi, na atakujibu "ndiyo" kwa kila swali kwa sababu mambo yake ya ndani anayasema kwa Kiha. Kwenye kambi ya Nyarugusu utakutana na Kiswahili cha Kongo, ambacho kina maneno yetu yakiwa na kazi nyingine, na nyuma yake kuna Kibembe. Kwenye kambi ya Nduta lugha imekuwa Kirundi. Mei 2015, Warundi walipojazana pale Kagunga mpakani na meli ya Liemba ikawa inawabeba kwa zamu kuwaleta huku mjini, uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa watu na mikeka, mashirika yalihitaji kwa usiku mmoja watu wa kusema Kirundi. Walitoka wapi? Waliitwa Waha, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Wauza mawese, walimu wa msingi, madereva wa bodaboda, sote tukawa wataalamu. Siku hizo hakuna aliyetuita bomba.

Chukueni neno moja tu, kaya. Dodoso zote zina kaya. Mwanafunzi anauliza: kaya yako ina watu wangapi? Yeye anawaza watu wanaolala chini ya paa moja. Mama anawahesabu wanaokula chungu kimoja: mtoto wa dada yake anayelala kwa bibi lakini anakula hapa yumo; mume aliye na mke mwingine Uvinza yumo nusu, kulingana na siku. Bomba litasema "saba". Mwalimu atasema: subiri, umeuliza swali lenye mlango mmoja na nyumba hii ina mitatu. Mimi sasa huwa nasimamisha mahojiano. Wengine hawapendi. Mmoja alilalamika kwa msimamizi wake kwamba ninaingilia. Kweli, ninaingilia.

Kambini mambo ni mazito zaidi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyezaliwa pale mwaka ule ni mtu mzima, ana watoto waliozaliwa palepale. Kuna watu pale wamejibu madodoso tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao: ulikimbia nini, uliona nini, nani alikufa. Wanalijibu swali la kifo wakati wanamenya mihogo. Mwanafunzi wa wiki kumi hana haja ya kumfungua mtu jeraha ili apate alama. Mwenyeji anayejua kwamba swali hilo limeshaulizwa na kujibiwa, na majibu yako kwenye makabati ya ofisi za Kasulu, aseme: nenda kasome kabati kwanza.

Sasa niwapeleke Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Ni hapo tu, kwa boti.

Tarehe 14 Julai 1960 alishuka pale Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuchunguza sokwe, miaka 26, pamoja na mama yake mzazi, kwa sababu wakubwa wa kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Hakuwa na shahada. Uzamivu wa Cambridge aliupata baadaye, kwa yale aliyoyaona huku kwetu. Amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na Kigoma tulimlilia kama mtu wetu. Lakini sehemu ya habari ile ninayoipenda ni nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1970 wanafunzi wa Stanford, chuo kikuu cha Marekani, walikuwa wanakuja Gombe kwa mafunzo, kama hawa wetu. Mei 1975 watu wenye silaha, waasi wa Laurent Kabila, walivuka ziwa usiku kutoka upande wa Zaire wakawateka vijana wanne, watatu wa Stanford na mmoja Mholanzi. Waliachiwa hatimaye wote wakiwa hai, lakini wanafunzi wa kigeni wakaondolewa Gombe. Kituo kikabaki bila wageni.

Utafiti ukasimama? Haukusimama. Waliobaki ni watu wa vijiji vya jirani, Hilali Matama na wenzake, ambao walikuwa wameshawafuata sokwe kwa miaka, wanawajua kwa majina na kwa mwendo. Hilali ndiye aliyekuwepo Januari 1974 sokwe wa kundi la Kasakela walipomvamia Godi, sokwe wa kundi la jirani, tukio ambalo wataalamu wa dunia wanalitaja mpaka leo wakizungumzia vita vya sokwe. Watu hawa walikuwa wamefundishwa kuandika kumbukumbu, na waliziandika kwa Kiswahili. Daftari baada ya daftari. Kiingereza kilikuja baadaye kama tafsiri. Jamani, moja ya tafiti ndefu kuliko zote za wanyama porini duniani imekaa juu ya mwandiko wa Kiswahili wa watu wa Kigoma, na sisi hapa tunaogopa kumwomba mwanafunzi kurasa mbili za Kiswahili!

Taasisi ya Jane Goodall ilipoanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi, ilituma kwanza Watanzania wakaulize watu wanataka nini. Watu hawakusema sokwe. Walisema chakula, afya, shule. Mradi ukaanzia huko. Wapo humu ndani waliokuwa vijana wa mradi ule, wananisahihisha nikikosea.

Nimtaje na mwanafunzi aliyefanya vizuri, asije mtu akasema nimekuja kusuta. Alikuja kwenye kijiji kimoja cha Buhigwe, akiwa na mpango mkubwa wa kupima "uwezeshaji". Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, mzee mkali, akamwambia: sisi hatuna uwezeshaji, tuna risiti. Akamfungulia sanduku la bati. Risiti za vipuri za miaka sita, bomba lipi liliharibika lini, nani alichangia, zote zimechanganyika na vyeti vya ubatizo. Yule kijana alikaa wiki saba akipanga risiti. Wiki saba! Alilalamika kwa mama yake kwenye simu, nilimsikia ingawa sikupaswa. Mwisho likatoka daftari moja lililopigwa mistari kwa rula, linaonyesha kwamba vituo vitatu kati ya vyote ndivyo vinavyokula pesa nusu, na karibu kila mara kwa kifaa kilekile. Kamati ikaanza kukinunua kabla ya mvua. Daftari lipo mpaka leo, limeongezwa kurasa kwa gundi. Aliniandikia baadaye kwamba kwenye usaili wake wa kazi ya kwanza waliongea juu ya risiti tu.

Kazi ile ilitoka kwetu. Ilikuwa inangoja. Methali ya mgeni na jembe mnaijua nyote, na Mwalimu aliitumia katika Ujamaa, kwa hiyo sitairudia; nasema tu kwamba methali ile haisemi jembe linatoka stoo ya nani. Kama hatuna jembe tayari, mgeni atakuja na la kwao, na litalima la kwao.

Kuna na hili la nani anaweza kuja. Nauli anajilipia mwenyewe, mara nyingi. Malazi, bima, kibali, vilevile. Hata kwenye Umoja wa Mataifa wenyewe, mwaka 2015 magazeti ya dunia yaliandika habari za kijana wa New Zealand aliyekuwa akifanya mafunzo ya kazi Geneva bila malipo na akawa analala kwenye hema kando ya ziwa. Ziwa la kwao, si hili. Hapa kwetu angepata chumba Mwanga kwa bei ya hema. Maana yake ni kwamba anayefika Kigoma kujifunza umaskini ni yule ambaye nyumbani kuna mtu wa kumlipia. Miaka kumi baadaye yeye ndiye mkuu wa ofisi, anayesoma maombi yetu ya fedha. Sasa Marekani imefunga shirika lake la misaada, USAID, tangu Julai 2025, na mashirika makubwa yamepunguza watu. Wanafunzi waliokuwa wakipokelewa kule wanabisha hodi kwetu sisi wa ofisi za chumba kimoja. Tutaombwa zaidi. Ndiyo maana nasema leo, kabla ya Juni.

Na mtoto wetu je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Maendeleo tangu 1973. Mzumbe na Sokoine wanasomesha mambo hayohayo. Mtoto wa Kasulu akisoma maendeleo anafanya fildi yake Kasulu au Morogoro. Sijaona bado aliyetumwa Glasgow wiki kumi, na daftari, akaulize wenyeji kwa nini wazee wao wanaishi peke yao na kaya ina watu wangapi. Mwalimu Nyerere alitoka kufundisha Tabora mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akakaa mpaka 1952. Nadhani aliwatazama Waskoti kwa makini sana, lakini hakuna chuo kilichomwomba ripoti. Wageni wetu wawili, naona mnaandika. Hili liandikeni vizuri, mlipeleke kwa wakuu wenu kama ombi: nafasi moja ya kwetu kwa kila nafasi tano za kwenu. Nianze na moja kwa tano, nisionekane mchoyo.

Jambo la mwisho ni la fedha, nalo nimelijua mwaka jana tu, nikaona aibu kwa kuchelewa. Wiki hizi kumi zina alama kwenye cheti chao. Zinahesabiwa kama somo. Ada ya somo hilo hulipwa chuoni. Chuo kinachukua ada, sisi tunafundisha, na mwisho tunapewa fulana. Sijasema tuwageuze wanafunzi kuwa shamba la mapato. Wengi wao wana madeni. Nasema barua ya makubaliano iende chuoni, na ndani yake tuandike sisi. Tarehe tupange sisi kwa kalenda ya hapa, mvua, ziwa na mwezi. Kazi iwe ile iliyo kwenye sanduku letu la bati. Mkalimani aandikwe kama mwalimu, alipwe kama mwalimu na jina lake litokee kwenye ripoti kama akipenda. Kurasa mbili za Kiswahili zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mgeni hajapanda treni, ili watu wapate nafasi ya kusema "hapana, mwanangu, umekosea." Na nakala ya takwimu ibaki, kwenye daftari, maana kompyuta ya ofisi yetu mnaijua.

Rasimu ya barua hiyo ipo pale mezani kwa katibu. Ina makosa. Kateni, ongezeni, irudi kwangu kabla ya Jumatano.

Wiki iliyopita nilikwenda Kibirizi kumtafuta yule mama wa mwaka 2009. Macho yamepungua kidogo, biashara sasa inaendeshwa na bintiye, lakini bado anageuza dagaa kwa mkono. Nilimwomba radhi kwa zile siku tano. Hakuzikumbuka, alimkumbuka binti, na kwamba alipenda ndizi. Nikamwambia kuna orodha ya walimu tunaiandika, walimu wa wanafunzi wa chuo kikuu, watalipwa kwa siku, na ninataka jina lake liwe la kwanza. Akanitazama kama ninamtania. Mimi nitawafundisha nini, akauliza, shule yenyewe niliishia la nne. Nikamwambia: mwezi, mama. Utawafundisha mwezi. Akanyamaza, akageuza dagaa wa ukingoni, akasema, haya, lakini waambie waje alfajiri. Saa nne mimi nimeshamaliza.